Baraza la Mzee Athuman

SEHEMU YA TISA

Nyundo ilikuwa begani mwa Mseti!

Naam, msomaji, wiki iliyopita hukusoma vibaya. Hakuishika yeyote kati ya wale vijana waliokodiwa kuja kubomoa. Aliishika Mseti mwenyewe, fundi aliyelijenga lile baraza kwa mikono yake, aliyemwambia Arafa, binti wa Mzee Athuman, kwamba siku saruji itakapokauka, watu wa kwanza kukaa hapo watakuwa wazee watakaokuja kumposa yeye. Sasa alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya Mzee Athuman na nyundo ya kuvunjia mawe, na nyuma yake amesimama baba yake.

Arafa alisimama kati yake na baraza.

"Mseti," alisema. "Ni wewe?"

Mseti hakumtazama. Aliwageukia wale vijana.

"Nimesema nyundo nashika mimi. Mwingine asiguse kitu. Atakayesogea tutaumizana."

Mzee Nyangwine, baba yake, alicheka kwa raha.

"Mmemsikia? Hiyo ndiyo damu yangu. Haya mura, kijana wangu, anzia pale pembeni."

Arafa alikuwa na hasira ya kumng'oa mtu meno, lakini alikuwa amelelewa. Alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mzee Nyangwine."

"Marahaba. Sogea."

"Sisogei mpaka uniambie kosa langu."

"Kosa lako unalijua, binti. Umejenga kitu cha nje bila kibali."

Na hapa, kwa ajili yako wewe uliyeliokota gazeti hili leo kwa mwenzako, tuseme mambo haraka. Katika mtaa wa Viwanja Vipya, hapa Turwa, mjini Tarime, huwezi kugusa uso wa nyumba yako mwenyewe bila ruhusa ya Umoja wa Wakazi. Ukuta, geti, rangi, tangi la maji juu ya bati, vyote vinapita kwenye Kamati ya Muonekano. Watu wenyewe wanaiita Kamati ya Sura. Ndiyo iliyomlazimisha Mama Wegesa kupaka nyumba yake upya kwa sababu zambarau yake ilikuwa inapiga kelele. Mwenyekiti ni Mzee Nyangwine, na wimbo wake ni mmoja: ndani ni kwako, nje ni kwetu.

Arafa hakuwa mkaidi. Alipeleka ombi lake mapema. Katibu wa Umoja, Mwalimu Nikodemo, alilipokea na kumwambia aanze tu, kilichobaki ni kugongewa muhuri. Akaanza. Matofali yakapanda. Halafu, bila maelezo, likaja neno moja: hapana.

Na hapana hiyo ilikuwa inamnyang'anya baba.

Mzee Athuman alikuwa fundi cherehani kule Nyamisangura. Nusu ya mji huu imevaa sare za shule alizozishona yeye, huku anaongea bila kupumua. Kiharusi kilipompiga, kilimwachia mkono mmoja na kuchukua maneno yote. Wenziwe wakipita njiani walimsalimia kwa sauti, lakini kuingia ndani hawakuingia. Nyumba yenye binti asiyeolewa na baba asiyeweza kusema, mwanamume mwenye heshima zake haingii sebuleni hivi hivi. Mzee akabaki anatazama dirishani. Ndipo Arafa akawaza baraza, ile sehemu ya kukaa ya matofali iliyoshikana na ukuta wa mbele, kama iliyokuwako kwa babu yake Tanga. Mgeni anakaa nje, anaonekana na kila mtu, na hakuna wa kumsema.

Baba mdogo Saadi alikuwa amefika kutoka Tanga siku iliyopita, na asubuhi ile hakuzunguka.

"Kaka yangu haozi chumbani nami niko hai," alisema. "Kama hapa hana pa kukaa na watu, kesho alfajiri napanda naye basi."

Arafa hakuwa na mama. Hakuwa na kaka wala dada. Na mkoba wa baba yake ulikuwa umeshafungwa, uko nyuma ya mlango.

Turudi kwenye nyundo.

"Mura, piga!" Nyangwine alifoka.

Mseti aliinua nyundo. Aliiinua taratibu mno, kama mtu anayesubiri aitwe. Jasho lilikuwa linamchuruzika shingoni na jua lenyewe lilikuwa limefunikwa na mawingu.

Mlango ukafunguka.

Mzee Athuman alitoka. Kofia kichwani, fimbo mkononi, mguu mmoja ukiburuta. Hakumwangalia mtu. Alijikokota mpaka kwenye baraza lile ambalo halijakwisha, akageuka, akakaa juu ya matofali mabichi, akaiweka fimbo katikati ya magoti.

Mseti akashusha nyundo kwa pumzi ndefu. Arafa aliiona ile pumzi. Ilikuwa ya mtu aliyeponea chupuchupu, na hakuelewa ni kwa nini.

"Mwondoeni!" alisema Nyangwine.

Hakuna aliyesogea. Mmoja wa wale vijana alijikuna kisogo.

"Mzee, hii kazi iko ama haiko? Sisi tumetoka Sirari. Kumbeba mgonjwa hatukuambiwa."

"Hakuna kazi hapo!"

Sauti ilitoka barabarani. Alikuwa Mama Wegesa, mjumbe wa kamati, mwanamke wa kifua kipana na khanga mbili, na nyuma yake Mwalimu Nikodemo anahema na mkoba wake kwapani.

"Mwenyekiti, mimi ni mjumbe au ni pambo?" Mama Wegesa aliuliza. "Katiba ya Umoja inasema hakuna kubomoa kabla mtu hajasikilizwa. Huyu msichana alisikilizwa lini?"

"Kamati ilishakaa."

"Kamati ilisomewa na wewe, ikapiga makofi. Leo tumsikie mwenyewe. Hapa hapa."

Nyangwine alitazama huku na huku. Majirani walikuwa wameanza kujaa. Wapo walioacha mahindi yao yanachomeka jikoni. Mbele ya watu wengi hivyo, mwenyekiti anayekataa kikao anajichimbia kaburi la uchaguzi, na uchaguzi wa Umoja ulikuwa unakaribia.

"Haya," alisema. "Na kiwe kifupi."

Viti havikuwapo. Mama Wegesa akakaa kulia kwa Mzee Athuman, Mwalimu Nikodemo kushoto, na Nyangwine, baada ya kusitasita, akajipachika pembeni kabisa. Kwa hiyo kamati ikaanza kulijadili lile baraza ikiwa imelikalia yenyewe.

Mseti alibaki amesimama, nyundo mguuni.

"Soma ombi," alisema Mama Wegesa.

Mwalimu Nikodemo alikohoa, akasoma kwa sauti ya darasani: "Mimi Arafa Athuman naomba kibali cha kuweka baraza mbele ya nyumba yetu, kwa ajili ya baba yangu na wazee wenzake."

Minong'ono ikapita kwa majirani.

"Mmesikia kwa masikio yenu," alisema Nyangwine. "Binti, jibu swali. Hao wazee wenzake ni akina nani?"

"Yeyote atakayekuja, mzee."

"Yeyote! Hata kuchaguliwa hawachaguliwi!"

Arafa alishangaa. Achaguliwe mtu ili akae tu?

"Na watakaa siku gani?"

"Kila siku. Kuanzia alasiri mpaka magharibi."

"Kila siku!" Nyangwine alipiga paja. "Baraza la kata lenyewe halikai kila siku! Na watazungumza mambo gani?"

"Mambo ya watu tu, mzee. Nani kaoza binti, nani kauza ng'ombe, nani kagombana na nani."

"Hata ugomvi wa mipaka?"

"Ukitokea watauzungumza. Nani atawafunga midomo?"

"Na hukumu atatoa nani? Baba yako asiyeongea?"

"Hukumu?"

"Ndiyo, hukumu! Nani aliwapa mamlaka ya kuhukumu watu wa mtaa huu?"

Arafa alitafuta wa kumsaidia. Aliwatazama wajumbe. Nyuso zao zilikuwa na hofu ya kweli, hata ya Mama Wegesa. Majirani nao walikuwa wamekunja sura. Hawa watu walikuwa wanaogopa nini?

Baba mdogo Saadi ndiye aliyelifumbua. Alianza na kikohozi, kikageuka kicheko, kicheko kikamshinda mpaka akashika nguzo ya mlango.

"Arafa, mwanangu! Ati hawa wanadhani unafungua mahakama!"

"Una maana gani?" aliuliza Mama Wegesa.

"Baraza, bibi wewe! Baraza ndilo hili!" Saadi aliyapiga matofali kwa kiganja. "Hili hapa mlilolikalia! Kwetu Tanga kila nyumba inalo. Pa kukaa, basi! Pa kunywea kahawa!"

Mama Wegesa aliinuka nusu, akatazama chini yake, akakaa tena.

"Kumbe ni veranda?"

"Ni veranda, mama," alisema Arafa, machozi na kicheko vinampata kwa pamoja.

"Ya kukaa tu?"

"Ya kukaa tu."

"Sasa si ungeandika veranda, mwanangu! Hapa Tarime mtu akisema anaweka baraza mlangoni kwake, na wazee juu, sisi tunajua ni kesi! Mimi siku zote napita nikiona tofali zinapanda, nasema ona, wameshaanza kujenga viti vya mahakimu!"

"Nyumbani tunaliita baraza. Baba ndivyo alivyonifundisha kusema."

Kicheko kikalipuka. Majirani walishikana mabega. Mwalimu Nikodemo alivua miwani akafuta macho, akisema kwamba miaka yote aliyofundisha Kiswahili hakuwahi kupata aibu tamu kama hiyo. Hata wale vijana wa Sirari walicheka. Arafa akamwangalia baba yake, akidhani ataona japo nusu ya tabasamu.

Mzee Athuman hakuwa anacheka.

Na kulikuwa na mwingine asiyecheka. Mzee Nyangwine alikuwa amekaa pembeni ya baraza, mikono imebana magoti, uso umemshuka.

Mama Wegesa alimwona. Kicheko kikamkatika.

"Mwenyekiti," alisema polepole. "Sisi hatukulisoma ombi. Wewe ndiwe uliyetueleza. Ulisema Mzee Athuman analeta mahakama ya ardhi mlangoni kwetu. Ya ardhi, ulisema. Hapa neno ardhi liko wapi?"

"Baraza ni baraza. Nilielewa kama ulivyoelewa wewe."

"Mimi nilielewa kesi. Sikuelewa kesi ya nini. Wewe ulijuaje ni ya mipaka?"

"Mama Wegesa, tusipoteze muda."

"Hata leo umeuliza mwenyewe. Ugomvi wa mipaka, umesema. Ni mpaka upi unaokuwasha?"

Kati ya nyumba ya Nyangwine na ya Mzee Athuman kulikuwa na fremu za maduka, mpya, zimepakwa rangi ya maziwa, nyingine zimeshapangishwa. Macho ya majirani yalianza kuelekea huko, moja baada ya jingine.

Hapo ndipo fimbo ilipogonga tofali.

Kooo!

Mzee Athuman alikuwa ameinua kichwa. Midomo yake ilikuwa inatetemeka. Mshipa ulimsimama shingoni.

"Baba?" Arafa alipiga magoti mbele yake. "Unataka maji?"

Mzee alitikisa kichwa kwa hasira. Aligonga tena. Mate yalimtoka pembeni ya mdomo, Arafa akayafuta kwa mtandio wake, na mzee akausukuma mkono wake, akavuta pumzi, na kutoka ndani kabisa, kwa sauti ya kutu, likatoka neno la kwanza tangu augue.

"Bi... bikoni."

Fimbo ikanyooka. Ikaelekea kwenye fremu.

Saadi alijishika kichwa. "Kaka kasema! Mola wangu, kaka kasema!"

"Bikoni!" alirudia mzee, na mara hii kila mtu alisikia.

Arafa alilia. Aliona aibu kulia mbele ya watu lakini hakuweza kujizuia. Kumbe siku zote zile baba yake alipokuwa akinguruma dirishani, na yeye akidhani anadai kahawa, au ni upweke, alikuwa anapigana na neno hilo moja. Dirisha lile lilikuwa linatazama fremu.

Bikoni, kwa asiyewahi kununua kiwanja, ni lile jiwe la saruji wanalolichimbia wapima ardhi kwenye kona ya mpaka, na juu yake lina namba. Ukilihamisha umehamisha ardhi ya mtu.

"Mzee ni mgonjwa," alisema Nyangwine, akisimama. "Kiharusi kimempanda kichwani. Bikoni yake iko pale, kila mtu anaiona."

"Basi tuione," alisema Mama Wegesa.

Alikwenda mwenyewe, khanga zikipepea, mpaka nyuma ya fremu ya mwisho. Aliinama. Alifuta udongo kwa mkono. Aliporudi alikuwa anapangusa vidole na hakuwa na haraka yoyote.

"Jiwe lipo," alisema. "Namba haina."

"Zilifutika na mvua!"

"Mwenyekiti, bikoni yangu na yako wewe zilichimbiwa siku moja na hii. Yangu ninaisoma mpaka leo. Mvua ilichagua ya Mzee Athuman peke yake?"

"Nani ana ushahidi?" Nyangwine alipaaza sauti, akawageukia watu wote. "Nani aliyeniona mimi nikiing'oa bikoni? Ajitokeze! Mgonjwa anayesema neno moja? Nani?"

"Hakuing'oa yeye."

Alikuwa Mseti.

Nyangwine alitabasamu kwa ushindi. "Haya, mmesikia! Sema mwanangu, waambie."

"Hakuing'oa yeye," Mseti alirudia. Sasa alikuwa anamwangalia Arafa, kwa mara ya kwanza mchana ule. "Niliing'oa mimi."

Arafa aliinuka pale alipopiga magoti.

"Mseti, funga mdomo," alisema baba yake.

"Nilikuwa sijakujua, Arafa. Baba alinituma. Alisema ni jiwe bovu, wapimaji wameleta jingine, ng'oa hili, lile jipya uliweke kule. Mimi ni fundi, nikang'oa. Mzee alikuwa dirishani ananitazama. Nikampungia mkono. Nilimpungia mkono! Fremu zilipoanza kujengwa kesho yake nikajua nimefanya nini. Nikaenda kumwomba radhi. Nikakuta watu wamejaa, kiharusi kimempiga usiku wa kuamkia siku hiyo."

"Na ukaendelea kuja hapa," Arafa alisema. Hakuitambua sauti yake mwenyewe. "Ukala chakula changu. Ukaniambia habari za wazee wako."

"Ndiyo."

"Na ile bikoni uliitupa wapi?"

"Sikuitupa. Niliificha. Uliponipa kazi ya baraza, siku ya msingi, ulikuwa umekwenda kuchota maji..." Aliyaangalia matofali, chini kabisa, hapo hapo alipokaa Mzee Athuman. "Niliilaza humo. Namba imetazama juu. Nilitaka irudi kwenye ardhi ya mwenyewe, hata kama hakuna atakayejua."

Sasa Arafa akaelewa nyundo. Akaelewa kwa nini hakutaka kijana mwingine aguse, na ile pumzi ndefu. Wale vijana wangevunja wakaikuta, na jioni hiyo hiyo bikoni ingekuwa mikononi mwa Nyangwine.

Lakini Nyangwine naye alikuwa ameelewa. Alikuwa mtu wa kuelewa haraka.

"Wajumbe!" alisema, na uso ukamchanua ghafla kama wa mwenye harusi. "Tusiwatese watu bure. Ombi lilikuwa la veranda, na veranda haina ubaya. Mzee wetu anahitaji pa kukaa. Sisi ni binadamu! Mimi kama mwenyekiti nalipitisha. Mwalimu, gonga muhuri!"

"Sasa hivi?" Mwalimu Nikodemo aliuliza.

"Sasa hivi!"

Muhuri wa Umoja hautoki kwenye mkoba wa Mwalimu Nikodemo hata akienda msibani. Ulitoka, ukapuliziwa pumzi, ukagongwa pale pale juu ya goti. Nyangwine akamkabidhi Arafa karatasi kwa mikono miwili.

"Hongera, binti. Baraza lako limekubaliwa. Na kwa kanuni zetu," aliinua kidole, watu wote wasikie, "kitu cha nje kilichopata kibali hakibomolewi na mtu yeyote, hata mwenye nyumba, bila kibali kingine kutoka kwangu. Atakayeligusa tofali moja la hapa, Umoja utamfikisha mbele ya sheria!"

Fikiria, msomaji. Kile alichokililia Arafa wiki zote hizi kilikuwa mkononi mwake, wino haujakauka.

"Alhamdulillahi!" alisema Saadi. "Yamekwisha! Mkoba wa kaka naurudisha chumbani."

Arafa alikuwa anaitazama nyundo.

Saadi alifuata macho yake, akaacha kutabasamu.

"Hapana, mwanangu. Hapana. Baba yako kapata pa kukaa, kapata na neno mdomoni. Ardhi ni udongo. Ukilivunja hili leo, huyu hatakupa jingine mpaka kiama, na mimi nimesema na sirudi nyuma. Kesho alfajiri naondoka naye."

"Baba mdogo, ndani ya haya matofali ndimo ilimo haki yake."

"Na juu yake ndipo yalipo maisha yake!"

Kweli ilikuwa hapo, na haikukwepeka. Akilivunja, anampoteza baba. Akiliacha, baba yake atakaa hapo kila jioni, amekalia haki yake mwenyewe, anatazama fremu za mwizi wake.

Alimgeukia mzee. Angeuliza nini?

Mzee Athuman alimtazama bintiye. Halafu alikita fimbo chini, akaiegemea, akajisukuma. Saadi alitaka kumsaidia, akamkataa kwa bega. Alisimama. Akaburuta mguu wake hatua kwa hatua mpaka kwenye rundo la mchanga lililobaki, akakaa hapo juu ya mchanga. Kisha akainua fimbo akaionyesha ile sehemu aliyoiacha wazi.

Arafa aliikunja ile karatasi ya kibali, akaichomeka kifuani. Alimwendea Mseti.

"Lete."

"Nitapiga mimi, Arafa. Niachie nipige mimi."

"Wewe ulishashika vya kutosha. Lete nyundo."

Aliipokea. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, ikamvuta mabega. Majirani walirudi nyuma. Mama Wegesa alisema jambo, Mwalimu Nikodemo akataja kanuni, na Arafa hakusikia hata neno moja. Alikaza miguu kwenye udongo, akaiinua nyundo juu ya kichwa kwa nguvu zake zote.

Na hapo Mzee Nyangwine, na suti yake na uzee wake wote, akarukia baraza, akakaa hasa pale alipokuwa amekaa Mzee Athuman. Akakunja mikono kifuani.

"Haya, binti," alisema. "Piga."

Nyundo ilikuwa imeshaanza kushuka.